Alama Mbili za Shavuni

Siku hizi uso wa mtu hurekebishwa kabla kidole hakijagusa kitufe. Simu nyingi zinazouzwa Kitengela humfikia mnunuzi programu ya kuremba uso ikiwa imewashwa tayari. Ngozi inalainishwa, madoa yanafutwa, kidevu kinachongwa, na hakuna aliyeulizwa. Wengi hata hawajui kwamba jambo hilo linafanyika. Wanaamini tu kwamba simu ina kamera nzuri.

Sikuwa nimelitilia maanani sana mpaka ilipokuja studioni kwangu familia moja kutoka upande wa Mashuru. Walikuwa wamefiwa na nyanya yao, wakataka picha yake kubwa ya fremu na nyingine ya jalada la programu ya mazishi. Mjukuu alinitumia picha kutoka kwenye simu yake, aliyoipiga mwenyewe Krismasi iliyotangulia. Ilikuwa picha safi, yenye rangi nzuri, macho yanang'aa. Nikaifungua kwenye skrini. Binti mkubwa wa marehemu akasogea, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Huyu si mama."

Alisema kweli. Koko yule, kama Wamaasai wanavyomwita nyanya, alikuwa na alama mbili za mviringo, moja kila shavu, alizochomwa utotoni kama walivyochomwa Wamaasai wengi wa rika lake. Simu ilizichukulia kuwa madoa. Ikazifuta zote mbili, ikapaka ngozi laini mahali pake, na kwa kuwa ilikuwa kazini, ikanyoosha na makunyanzi ya pembeni mwa macho. Kijana aliapa mbele ya shangazi zake kwamba hakuigusa picha ile, nami nilimwamini, kwa sababu hakuigusa.

Walitafuta nyingine. Ikapatikana kwa jirani, ya karatasi, ya harusi ya zamani kidogo, koko akiwa amesimama mstari wa nyuma, jua la saa saba limemjaza macho kivuli. Kwa kipimo chochote cha ufundi ilikuwa picha mbovu. Nikaipiga skani, nikamkata kutoka katikati ya watu, nikakesha nayo. Vivuli vya macho nikaviinua polepole hadi mboni zikaonekana. Mng'ao mkali wa paji la uso nikaupunguza. Mkono wa mtu uliokuwa begani kwake nikauondoa. Mashavu sikuyagusa. Asubuhi binti yule aliishika nakala ya kwanza kwa mikono miwili, akamwita mdogo wake aje aone.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiirudia kichwani njia niliyopitia katika kazi hii, kwa sababu jambo ambalo simu ilimfanyia koko yule si geni. Mara nyingi nimeombwa nilifanye kwa mkono wangu. Na imani yangu, ambayo kwa muda mrefu niliishi nayo bila kuisema, ni hii: mpiga picha ana haki ya kuondoa kile ambacho taa, vumbi, lenzi na saa mbaya ya mchana vimeuongezea uso. Yale ambayo maisha yameyaweka pale si yake kuyaondoa.

Nilijifunzia Kajiado mjini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mzee aliyekuwa na studio ya chumba kimoja karibu na soko. Ujuzi wake aliupata Mombasa akiwa kijana, mji ambao wakati huo ulikuwa na studio zenye sifa, kama ile ya N. V. Parekh, na alipokuja bara alikuja na viwango vya pwani. Alikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, koti moja na tai moja za wateja wote, taa mbili zenye miamvuli, na nyuma ya mlango mzito, chumba cha giza. Siku za soko watu walifika kutoka Bissil, kutoka Namanga, kutoka manyatta za mbali, wakakaa kwenye benchi nje wakisubiri zamu.

Kabla ya kunifundisha kupiga, alinifundisha kusafisha vumbi. Kajiado wakati wa kiangazi ina vumbi linalopita chini ya mlango hata ukiuziba kwa gunia. Punje moja ikitua juu ya negativu inazuia mwanga, na kwenye karatasi inatokea doa jeupe, pengine katikati ya mboni ya jicho la mtu. Kazi yangu ya miezi ya mwanzo ilikuwa kukaa dirishani na brashi yenye nywele chache, na wino mweusi uliochanganywa na maji, nikigusa kila doa jeupe kwa ncha mpaka likazama kwenye rangi iliyolizunguka. Hupaki. Unagusa, unasubiri likauke, unagusa tena. Ukizidisha wino, doa jeupe linageuka kuwa doa jeusi, na mteja anaondoka na chunjua ambayo hakuzaliwa nayo.

Maji nayo yalikuwa shida. Picha isiyooshwa vizuri ikatoka dawa yote hugeuka manjano baada ya miaka, na kuosha kunataka maji mengi yanayotiririka. Sisi tulinunua maji ya mitungi yaliyoletwa na punda. Mzee hakukubali kupunguza hata mtungi mmoja. Wateja wengine hawakuwa na picha nyingine maishani ila hiyo moja, na hilo alilikumbuka kila mara alipolipia maji.

Baada ya brashi ikaja penseli. Nadhani wachache wa rika langu waliwahi kuiona kazi hii kwa macho, kwa hiyo nitaieleza. Negativu ni kinyume cha picha: kunyanzi ambalo kwenye karatasi ni mstari mweusi, kwenye negativu ni mstari mwangavu. Mzee aliipaka negativu dawa nyembamba ili penseli ipate kushika, akaiegemeza kwenye kioo chenye mwanga nyuma yake, kisha kwa penseli iliyochongwa ikawa ndefu na nyembamba kama mwiba wa mgunga, akaujaza mstari ule kwa vinukta vidogo vidogo visivyoonekana bila lenzi ya kukuzia. Kila kinukta kilizuia mwanga kiasi, na kwenye karatasi kunyanzi likapungua weusi. Likapungua tu. "Toa nusu, acha nusu," aliniambia. "Watu wa nyumbani wanamjua kwa hilo."

Nilimwuliza sababu ya kutoa hata hiyo nusu. Akaniita karibu na kiti cha wateja, akawasha taa moja ya pembeni, akanikalisha na kunipa kioo. Nikaona uso wangu wenyewe una mistari ambayo asubuhi haikuwapo. Akaisogeza taa mbele, mistari ikafifia. Kwa hiyo nusu ile, alisema, haikuwa ya mtu, ilikuwa ya taa yetu, na sisi ndio tuliopaswa kuilipa. Sijawahi kupata maelezo bora ya mipaka ya kazi hii, na yeye hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kurekebisha nyuso ni jambo la zamani, karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1855, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Franz Hanfstaengl wa Munich aliwaonyesha watu picha ya mtu mmoja kabla na baada ya kuitengeneza negativu yake, na inasemekana umati ulishangaa. Hapa kwetu, Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, aliunganisha picha kadhaa kuwa moja kwa ustadi ambao vijana wa leo wangedhani ni wa kompyuta. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, wakati bado nachonga penseli. Kwa hiyo silaumu chombo. Kilichobadilika ni kwamba zamani kila mguso ulipita kwenye kidole cha mtu aliyemwona mwenye uso akiingia mlangoni, akamsalimia, akajua anakotoka.

Kazi iliyotupa chakula ilikuwa picha ndogo za pasipoti saizi: za fomu za shule, za kazi, za benki. Mtu anakalishwa mbele ya shuka jeupe, anaambiwa asitabasamu, anapigwa. Na hapo ndipo niliona jinsi kamera inavyoweza kumdhulumu mtu mweusi bila mtu yeyote kukusudia. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kuna mtu. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani, kile ambacho mafundi wanakiita kijivu cha asilimia 18. Ukikielekeza kwenye shuka jeupe, kinadhani mwanga ni mwingi kupita kiasi, kinaubana, na uso wa mteja unazama gizani. Ukikielekeza kwenye uso mweusi peke yake, kinafanya kinyume: kinataka kuuvuta hadi ufanane na kijivu chake, na mtu anatoka amepauka, weusi wake wenyewe haupo.

Mzee hakuamini kipimo. Alikisogeza hadi karibu na shavu la mteja, akasoma, kisha akapunguza kidogo kwa kujua tabia ya chombo. Halafu akampa mteja ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeupe, aushike mapajani, nje ya picha. Mwanga wa taa uligonga ubao ukapanda chini ya kidevu na kwenye matundu ya macho. Ubao ule haukugharimu kitu. Ulifanya kazi kuliko penseli zote, na nimeona studio zenye taa za maelfu ya shilingi ambazo hazina ubao.

Filamu za rangi hatukuweza kuzisafisha wenyewe. Tulizipeleka Nairobi kwa matatu, zikarudi baada ya siku kadhaa ndani ya bahasha. Nakumbuka picha za kwaya ya kanisa moja, akina mama waliovaa sare za samawati, na katikati yao mtawa kutoka Ulaya. Mtawa alionekana vizuri hadi vidoti vya pua. Akina mama walikuwa meno, macho na kola. Mmoja wao, aliyeimba sauti ya kwanza na ambaye kijiji kizima kilimjua kwa uzuri wake, aliitazama picha akasema kwa upole, "Kumbe mimi ni mweusi hivi." Akairudisha kwenye bahasha.

Baadaye nilisoma na kuelewa. Kwa miongo mingi maabara za picha duniani zililinganisha rangi zake kwa kadi iliyotoka kwa Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi ambayo mafundi waliiita Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa iko sawa. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Mwaka 1977 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard, alipofanya kazi Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Na mtaalamu wa mawasiliano wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza katika makala yake ya mwaka 2009 kwamba kampuni hiyo ilisukumwa kurekebisha filamu zake si na watu weusi waliolalamika, bali na watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao hawakuweza kuonyesha tofauti ya mbao moja na nyingine, chokoleti nyeusi na ya maziwa. Niliposoma hayo nilimfikiria mama yule wa kwaya. Aliamini kasoro iko kwenye ngozi yake, ilhali iko kwenye kemia na kadi ya watu wasiojua kwamba yupo. Hadi leo mteja anaposema "mimi sitoki vizuri kwenye picha", nasikia sauti ile.

Mzee alipoacha kazi nilihamia Kitengela. Eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River lilikuwa limeanza kuwaita vijana kutoka kila pembe ya nchi, na vijana wa mshahara wa kwanza hupenda picha ya kupeleka nyumbani. Sikuwa na chumba. Nilipiga nje, Jumapili baada ya ibada, kwenye harusi, kwenye harambee, kwenye sherehe za kutahiriwa huko Isinya na mbele zaidi.

Jua la kwetu ni mwalimu mkali. Tuko kusini kidogo tu ya ikweta, na mwezi wa tatu na wa tisa linasimama karibu wima juu ya kichwa. Paji la uso na pua zinawaka, macho yanakuwa mashimo. Watu wanakimbilia chini ya mgunga, na kivuli cha mgunga ni kibaya kuliko jua lenyewe, kwa kuwa majani yake madogo yanapitisha mwanga vipande vipande na mtu anatoka na madoa ya chui usoni. Kivuli kizuri ni cha ukuta, au cha baraza la mabati, mtu akisimama ukingoni akitazama nje kwenye anga.

Kisha kuna udongo, jambo ambalo sijawahi kulisoma kwenye kitabu chochote cha picha. Kitengela na tambarare za Athi zina ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa gari wakati wa mvua. Unameza mwanga. Mtu akisimama juu yake, hakuna kinachorudi chini ya kidevu chake. Ukienda Kajiado, kwenye murramu nyekundu na mawe meupe ya chokaa, ardhi yenyewe inarudisha mwanga, na uso uleule saa ileile unapata uhai. Nilianza kuchagua mahali pa kupigia kwa kutazama chini, si juu.

Na akina mama wa Kimaasai walikuja na taa zao wenyewe. Ule mkufu mpana wa shanga unaokaa bapa mabegani, ukiwa na mistari mingi ya shanga nyeupe, unafanya kazi ileile ya ubao wa mzee: jua linaupiga, unarusha mwanga kwenye kidevu, chini ya pua, ndani ya macho. Nimewahi kumpiga mama mmoja na bintiye chini ya jua moja, mama na mkufu, binti na blauzi nyeusi. Uso wa mama haukuhitaji kitu. Wa binti ulinichukua jioni nzima. Shuka jekundu nalo hurusha wekundu shingoni na kwenye taya. Mafundi wa mjini huuona wekundu huo wakaufuta wote, ngozi ikawa sawa kila mahali kama sahani ya plastiki. Mimi huupunguza. Mtu aliyevaa shuka huonekana hivyo hata akisimama mbele yako bila kamera.

Kamera za kidijitali zilipofika, mji ulikuwa unafura. Sensa ya 2009 iliikuta Kaunti ya Kajiado na watu 687,312. Ile ya 2019 ikawakuta 1,117,840. Nikapata chumba, kompyuta, taa nzuri. Nikapata pia ombi ambalo kwenye filamu halikuwapo, au lilikuwapo kimoyomoyo: "Fundi, nifanye mweupe kidogo."

Liliniumiza kila mara. Serikali inapiga marufuku mafuta na sabuni zenye zebaki na haidrokwinoni kwa sababu zinaharibu ngozi, lakini hakuna anayekataza kitelezi cha kwenye skrini, na nimeona harusi nzima ambazo ndugu wote wametoka rangi moja ya mkate wa siagi. Mara ya kwanza aliyeniomba alikuwa bibi harusi. Sikumhubiria, mtu haji studioni kuhubiriwa wiki ya harusi yake. Nilimsogeza karibu na dirisha la kaskazini, nikaning'iniza shuka jeupe mbele ya kioo, nikaweka ubao upande wa pili. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: taa ndogo kali inaweka vidoti vya mafuta, lakini mwanga mpana ulio karibu unachora mstari laini kutoka kwenye paji hadi shavuni hadi kwenye mfupa wa bega. Na karibu ni karibu kweli. Ukitoa taa mita mbili ukaileta mita moja, mwanga unaomfikia mtu unakuwa mara nne, kisha taa yenyewe inakuwa kubwa machoni pake, kwa hiyo vivuli vinalainika. Nikapiga, nikamgeuzia skrini kabla ya kurekebisha chochote. Akanyamaza. Akaomba nimtumie mama yake palepale. Ombi la weupe hakulirudia.

Si kila mara hufanikiwa. Wapo waliokwenda studio ya jirani. Lakini wengi wanaoomba weupe, nimegundua, wanaomba kuonekana. Wamezoea kuwa giza kwenye picha, wakadhani dawa ya giza ni kubadilisha rangi.

Katika kazi ya kompyuta nina kanuni ya chunusi. Kitakachokuwa kimepona baada ya wiki mbili naondoa: chunusi, mkwaruzo wa wembe, midomo iliyokauka kwa upepo. Kilichokaa miaka naacha, mpaka mwenyewe aseme vingine kuhusu uso wake mwenyewe. Weusi chini ya macho napunguza kwa sababu sehemu kubwa ni ya taa. Siufuti wote, kwa kuwa mtu anayefanya zamu ya usiku kiwandani ana haki ya kuwa amechoka. Mwanya, pengo la meno ya chini, ndewe za masikio zilizorefushwa, makovu ya mashavuni: hayo hayamo kwenye orodha ya kasoro. Programu za kujiendesha zimeyaweka kwenye orodha hiyo kwa kuwa zilifundishwa kwa nyuso za watu wengine. Mwaka 2017 programu ya FaceApp ilikuwa na kichujio cha kumfanya mtu avutie, na watu weusi walipokijaribu walitoka weupe. Mwenye kampuni akaomba radhi. Ni kadi ya Shirley imerudi, safari hii ndani ya hesabu.

Kuna dhuluma ya upande wa pili pia, na sisi wa barabara ya Namanga tunaiona zaidi. Wageni wanaopita kwenda Amboseli huwapiga picha wazee wetu, wakaenda kuzitengeneza. Huko hawalainishi. Wanakaza. Makunyanzi yanachimbwa, rangi zinaondolewa, ngozi inakuwa gome la mti mkavu, macho yanawekwa mwanga wa kutisha. Mzee mmoja wa Bissil aliletewa picha yake kwenye kalenda ya ng'ambo, akanionyesha. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye ng'ombe wengi na wake wawili waliomtunza vizuri. Kwenye kalenda alikuwa na sura ya mtu aliyetoka kwenye njaa ya miaka saba. Akaniuliza kama alikuwa mgonjwa siku hiyo. Simu inampokonya mtu umri wake, kalenda inamwongezea usio wake, na zote mbili hazikumwuliza.

Lakini mahali ambapo nimejifunza zaidi ni kwenye picha za marehemu. Huku kwetu mazishi hufanyika mara nyingi mwisho wa wiki, kwa hiyo usiku wa Alhamisi studio yangu huwa na watu waliokaa kimya kwenye viti vya plastiki, wakiwa na kitambulisho cha marehemu, au picha ya kikundi iliyokatwa kwa makasi. Kitambulisho ni kibaya kuliko vyote: uso mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chini ya plastiki iliyokwaruzika mfukoni kwa miaka. Ukiukuza unavunjika. Hapo hakuna kuremba, kuna kuokoa. Napiga skani kwa ukubwa wa juu kabisa, naondoa mikwaruzo mmoja mmoja, na naacha uso ubaki na ukungu kidogo kuliko kubuni macho ambayo sijawahi kuyaona. Siku hizi kuna programu zinazobuni. Zinatoa uso mkali, mzuri, wa mtu asiyewahi kuishi. Nimewaonyesha familia kadhaa picha zote mbili bila kusema ipi ni ipi, na mke wa marehemu hakosei.

Usiku mmoja ndugu wawili walibishana mbele yangu. Baba yao alikuwa mzee wa boma, na picha pekee iliyokuwa nzuri alivaa shuka na kushika rungu. Mdogo, mwenye kazi Nairobi, alitaka nimvishe suti na tai. Kuweka suti ni kazi ya dakika chache na studio nyingi zina suti tayari kwenye kompyuta, kama mzee wangu alivyokuwa na koti ukutani. Tofauti ni kwamba koti la mzee mteja alilivaa kwa hiari yake, akajitazama kwenye kioo, akachagua. Kaka mkubwa hakutaka suti. Walinigeukia mimi. Nikawauliza mama yao yuko wapi. Wakampigia simu, mama akauliza kitu kimoja tu, kama rungu linaonekana kwenye picha. Likaonekana. Mzee akazikwa na shuka lake kwenye jalada.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwa sheria hiyo picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Nafurahi kwamba ipo. Lakini uso wa mtu una wenyewe wengi kabla ya kufika kwa wakili: wale watakaousalimia asubuhi, na baadaye wale watakaoukosa.

Sikatai kwamba mambo yanakwenda mbele. Mwaka 2021 Google ilitoa simu zenye mfumo iliouita Real Tone, uliotengenezwa kwa kushirikiana na wapiga picha weusi na wa rangi nyingine ili kamera iache kutupausha au kutuzamisha. Simu za Tecno, ambazo hapa Kitengela ziko mikononi mwa watu wengi, kwa miaka mingi zimejitangaza kwa kuijua ngozi yetu. Kamera ya simu ya leo ingempa mama wa kwaya picha ambayo maabara ile ya Nairobi haikuweza. Hilo ni jambo kubwa na nalishukuru. Ndiyo maana inaniuma kwamba chombo kilichojifunza hatimaye kuiona rangi yetu kinafuta alama zetu dakika hiyohiyo.

Vijana ninaowafundisha sasa hubishana nami. Mmoja huniambia mteja ndiye anayelipa, na akitaka kidevu cha mtu mwingine apewe. Kwa mtu mzima aliye hai, anayejitazama mwenyewe kwenye skrini, nakubaliana naye kuliko anavyodhani. Kwa mtoto na kwa marehemu sikubali, na kwa mzee asiyejua simu inafanya nini nasema ngoja kwanza. Kwa hiyo tumeafikiana jambo la kazi: kila anayepigwa picha studioni kwetu huondoka na mafaili mawili, lililorekebishwa na lile lililotoka kwenye kamera, na la pili halina malipo. Wanaoleta picha za simu tunawaomba watafute na ile ambayo haikupitia programu yoyote, hata ikiwa na giza. Giza tunaliweza.

Na kuna swichi. Kwenye simu nyingi iko ndani ya kamera yenyewe, kwenye sehemu ya picha za uso, yenye alama ya uso au ya nyota ndogo. Kuishusha hadi sifuri huchukua nusu dakika. Nimeanza kuwaonyesha wateja wanapokuja kuchukua picha zao, hasa wanaosafiri mwezi wa kumi na mbili kwenda kuwaona wazee.